Hakuna Jipya, Mama

Maisaka, Babati
Ijumaa jioni

Mwanangu Paska,

Jipya la leo ni kwamba mwanao Dani habaki nami Babati kama tulivyopanga. Kesho anaondoka na wewe kwenda Tabora. Aliyelisema ni wewe mwenyewe, mchana, ukiwa umeshika sahani ya makande uliyokuwa hujaigusa. Ulisema, "Mama, Dani naondoka naye," kisha ukaanza kula. Baba yako alikuwepo, amekaa kwenye benchi lake la nje karibu na mlango wa jikoni, na mchango wake ulikuwa huu: "Basi begi moja halitatosha." Mimi niliinuka kwenda kuosha vyombo ambavyo bado vilikuwa na chakula.

Nimefanya kazi ya habari kwa zaidi ya nusu ya maisha yangu. Kanuni niliyofundishwa siku ya kwanza ndiyo niliyokufundisha wewe ukiwa bado unatamka maneno nusunusu: anza na jipya, mtaje aliyelisema, mengine yafuate. Kwa hiyo nimeanza hivyo. Yanayofuata siyaandiki ili ubadili uamuzi. Nimeukagua kama ninavyokagua habari ya mtu mwingine, na sioni pa kuukosoa.

Mambo ya chandarua, maji ya kuchemsha na dawa ya minyoo nayaacha. Unayajua, na chuo cha ualimu kimekuongezea mengine nisiyoyajua mimi.

Nianze na asubuhi, maana sina hakika kama unajua nilichokiona.

Nilitoka gengeni na maandazi. Nilipofungua mlango nikamkuta Dani sebuleni amepiga magoti. Kikombe kilikuwa kimelala, maziwa yametapakaa, na yeye ameshika dekio anayasukuma chini ya kochi. Aliponiona akasimama haraka, akaficha dekio nyuma ya mgongo. Lilikuwa linamchuruzikia kwenye visigino.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Jipya?"

"Hakuna jipya, bibi."

Maziwa yalikuwa yameshafika kwenye kidole changu cha mguu. Nikacheka. Nikamwambia, "Wewe utakuwa msemaji wa serikali." Nikageuka nione kama kuna mwingine wa kucheka naye, nikakuona umesimama mlangoni mwa chumba na kanga uliyokuwa unaikunja. Hukucheka. Wala hukuwa unamtazama usoni. Ulikuwa unatazama ule mkono uliokwenda nyuma ya mgongo.

Hayo yalikuwa ya asubuhi. Mchana ukasema uliyosema.

Ule msumari wa dekio, pale kwenye mlango wa jikoni, niliupigilia mimi. Wewe ulikuwa ndiyo umeanza kutembea. Nyumba za wenzangu dekio lilitupwa nyuma, juu ya ndoo iliyopinduliwa. Mimi nikasema la kwetu litatundikwa, tena chini, usawa wa kifua cha mtoto, ili mtoto azoee mapema. Nilijiona mama wa kisasa. Martina, dada aliyekuwa akitusaidia kazi, mtoto wa watu wa Mutuka, alisimama akautazama akasema, "Dada, sasa huyu hata kusema 'maji' hajui, umeshampa kazi?" Nikamjibu kwamba usafi haungoji mtu ajue kusema. Jibu hilo nililipenda, nikalirudia sehemu nyingi.

Halafu ukaja ule mchezo wetu. Nilikuwa nikirudi kutoka kazini, kabla ya kuvua viatu, nauliza, "Jipya?" Nia ilikuwa njema. Nilitaka ujifunze kueleza jambo likaeleweka. Siku za mwanzo ulinipa mengi: kuku wa Mama Safari ametotoa, Martina ameimba, umeona bodaboda imebeba mbuzi. Mimi nilikuwa nasikiliza huku macho yangu yakikagua. Ukisema kuku, nauliza, "Na hili doa?" Ukisema mbuzi, nauliza, "Hizo kucha ndizo ulizokula nazo ugali?" Jipya lako lilikuwa jambo moja, langu lilikuwa doa. Ukaelewa mapema kuliko nilivyodhani. Kufikia darasa la kwanza jibu lako lilikuwa moja: "Hakuna jipya, mama." Na mimi niliichukua hiyo kuwa habari njema.

Naomba nikueleze nilitoka wapi, si kwa kujitetea. Kule juu Dareda tulilala nyumba moja na ndama, upande wao na upande wetu, na joto lao lilitufaa. Nilipokwenda shule ya bweni, wasichana wa mjini walinifungulia dirisha kila nilipoingia. "Leo umelala na yupi, mwekundu au mwenye madoa?" Walikuwa wanacheka tu, watoto wale, wawili kati yao nawasalimia mpaka leo sokoni. Lakini niliapa kwamba nyumba yangu hakuna atakayeingia akatafuta dirisha.

Baadaye nikiwa kazini nilitumwa kwenye nyumba moja iliyofiwa na mtoto kwa kuhara. Nilirekodi, nikaandika, nikatuma. Nikarudi hapa nikasugua sakafu ya sebule mpaka giza likaingia. Ndoo ya maji ya kunywa ilikuwa jikoni, haina mfuniko, na kikombe kinaelea juu. Sikuitazama. Nilisugua sehemu ambayo wageni wangeiona.

Kunawa mikono sijuti, Paska. Wewe na Dani mnawe mpaka mzeeke. Ninachojuta ni kwamba nilisafisha kwa ajili ya macho ya watu, nikaamini nasafisha kwa ajili yako. Unakumbuka sabuni ya wageni? Ile ya kunukia, ya waridi, kwenye kabati la vioo. Wewe ulinawa na kile kipande cha sabuni ya kufulia, kikiwepo. Siku moja nilikukaripia kwamba umenawa bila sabuni, ukanijibu kwa heshima kabisa, "Sabuni ni ya wageni, mama, mimi si mgeni." Nililisimulia hilo kazini wakacheka sana. Mwezi huohuo ulipimwa ukakutwa na minyoo, na hilo sikulisimulia.

Baba yako aliona mapema. Alisema hata nzi wa nyumba hii wanavua viatu. Alikuwa akitoka shambani Singe na matope ya masika mpaka magotini, anasimama mlangoni kama mtu aliyekuja kudai kitu, kisha anazunguka nyuma. Ndipo benchi lile lilipoanzia. Nilidhani analipenda. Leo saa ya chakula cha jioni nilimwambia, "Baba Paska, ingia ule ndani, na viatu vyako hivyohivyo." Akanitazama, akatazama buti zake, akasema, "Nimeshazoea huku. Huku kuna upepo." Hakusema kwa ubaya. Alikuwa ameshazoea kweli.

Sasa nifike kwenye mguu.

Hii habari nimeisimulia zaidi ya habari nyingine yoyote maishani mwangu. Kila zamu ya sala za jumuiya ilipofika kwetu, akina mama wameketi, sala imekwisha, chai imemiminwa, wewe unapita na sinia la vikombe, mmoja akauliza kovu lile la mguuni ni la nini. Nami naanza: mtoto huyu, akiwa darasa la kwanza, Martina ameenda mashineni kusaga, yeye akajipakulia uji wa moto, ukammwagikia mguuni. Mnajua alifanya nini? Akachukua dekio, akapiga deki kwanza! Akina mama wanapiga makofi. "Hongera Mama Paska, umelea." "Wangu mimi angepiga kelele mpaka Singe wasikie." Na wewe unacheka kidogo, unakwenda jikoni.

Yafuatayo sikuwahi kuyasimulia. Niliporudi jioni ile nilikuta sebule inang'aa. Nikauliza, "Nani kapiga deki leo?" Ukasema, "Mimi." Nikafungua mkoba nikakupa pipi. Nikauliza, "Jipya?" Ukasema, "Hakuna jipya, mama." Ulikuwa umevaa soksi za shule ndani ya nyumba, na mimi ninayejivunia kuona vitu nilifikiri umeona baridi. Soksi ilikuja kugunduliwa wakati wa kuoga, imeganda kwenye ngozi. Martina aliilowanisha kwa maji ya uvuguvugu, polepole, huku akikwambia hadithi ya sungura, na hukulia. Kule zahanati, muuguzi aliniuliza, "Mtoto ameungua saa ngapi, mama?"

Sikujua. Kazi yangu ilikuwa kujua mambo ya saa ngapi, mkoa mzima, na la mguu wa mwanangu sikulijua. Muuguzi akaandika kitu, akageukia mguu wako.

Kwa hiyo muuguzi niliyemkata kwenye habari ndiye aliyekuwa habari yenyewe. Ukibakiza deki na makofi, una mtoto mwenye adabu. Ukimrudisha muuguzi, una mtoto anayemwogopa mama yake kuliko moto. Niliihariri kila mara, mbele yako, wewe ukiwa umeshika sinia.

Nilidhani hapo ndipo habari inapoishia, na ningekwenda kaburini nikidhani hivyo kama leo mchana usingenifuata kwenye karai la vyombo. Nilikuuliza, "Ni kwa sababu ya maziwa?"

"Siyo maziwa, mama."

"Sasa ni nini?"

"Dani ana miaka minne. Ameshajua kusema hakuna jipya. Amekaa hapa wiki tatu tu."

Nikasuuza kikombe. Ukaendelea kufuta sahani. Kisha ukaniuliza kama najua siku ile niliyokuwa kazini, wewe uliingia sebuleni na uji kufanya nini.

"Ulikuwa mtundu," nikasema.

"Ilikuwa saa saba, mama. Redio ilikuwa sebuleni."

Sikuelewa. Ukalazimika kunieleza, kama unavyomweleza mtu njia ya kwenda mahali. Kwamba saa saba ndiyo ilikuwa taarifa ya habari, na sauti yangu ilikuwa ikitoka humo. Kwamba Martina alikuwa akikufungulia kila siku, mnasikiliza mmesimama mlangoni, bila kukanyaga sakafu. Kwamba siku ile Martina alikuwa mashineni, ukaogopa utaikosa, ukaingia na bakuli mkononi kwa kuwa hukuwa na muda wa kulirudisha. Ukasema, "Ulikuwa unasoma habari ya bei ya mahindi. Nilimaliza kusikiliza ndiyo nikapiga deki."

Nikauliza, "Mbona hukuniambia?"

"Ungeniuliza nimeingiaje sebuleni na uji."

Ningeuliza. Ningeuliza hivyo hasa, kwa maneno hayohayo. Kuna maswali tunayofundishwa kuuliza katika kazi yetu: nani, nini, wapi, lini, kwa nini. Kwa miaka yote niliyosimulia habari ya mguu wako sikuwahi kuuliza lile la mwisho, kwa sababu nilikuwa na jibu lililonipendeza. Mtoto wangu ni msafi. Kumbe mtoto wangu alitaka kunisikia.

Mchana huu nilibaki na sahani mkononi. Wewe ulinipokea, ukaipangusa, ukaiweka kwenye kabati, ukasema, "Mwezi wa sita nitamleta, shule zikifungwa. Wiki moja kwanza, tuone." Nilisema sawa. Hiyo 'tuone' naijua. Ndiyo ninayowaambia watu walionipa taarifa isiyo sahihi mara moja na wanataka niwaamini tena. Ni neno la haki.

Jumatatu unaripoti kazini huko Tabora, na watu watakukabidhi darasa la awali. Watoto wale watamwaga uji kwenye madaftari, kwenye sare, juu ya viatu vyako. Watajisaidia wakiwa wamekaa. Watafika na makamasi na wataondoka na makamasi. Mwalimu mkuu atapita dirishani, na wewe utatamani darasa lionekane safi. Ninajua utatamani, kwa sababu umelelewa na mimi, na nimekuona mara kadhaa wiki hii ukimfuta Dani mdomo kabla hajamaliza kumeza. Ulijishtukia ukaacha. Nilikuona pia ulipoacha.

Sina cha kukufundisha kuhusu watoto, Paska, ila nikupe swali la yule muuguzi uwe nalo. Likimwagika kitu, kabla ya sakafu, uliza mtoto ameungua saa ngapi. Hata kama ni maziwa baridi. Na mmoja akikwambia hakuna jipya huku ameficha mkono, usicheke kama nilivyocheka leo. Inama tu. Wataficha vitu nyuma ya mgongo. Kutoka chini mtu anaviona vizuri zaidi.

Kuna jambo moja nimelifanya jioni hii, mvua ilipokatika, wewe ukiwa dukani unatafuta begi la pili. Nilichukua koleo la baba yako nikaung'oa ule msumari. Ulikuwa umeshika kutu, ukatoka na kipande cha plasta, na tundu limebaki; baba yako amesema atalipaka simenti, lakini namjua. Nikaupigilia upya juu, usawa wa bega langu. Dani alikuwa amekaa kwenye ndoo ananitazama.

"Bibi, sasa sitafikia."

"Ndiyo. Ni la bibi hilo."

"Nikimwaga?"

"Uniite."

Akafikiri. Unajua anavyofikiri, anavyovuta sikio lake.

"Na ukiwa redioni?"

Nimewahoji wakubwa, mwanangu. Nimeulizwa maswali na watu wenye hasira na vipaza sauti. Hakuna aliyewahi kunikalisha kama huyu aliyekaa kwenye ndoo. Nilijifanya natafuta nyundo, na nyundo ilikuwa mkononi mwangu. Akachoka kusubiri, akaenda kwa babu yake kwenye benchi, wakaanza kubishana kama mbaazi ni maharage. Sikumpa jibu, na nisingependa asafiri bila jibu.

Kwa hiyo, kuhusu kesho: basi la Tabora linatoka Arusha alfajiri na hupita stendi yetu saa tatu hivi. Tutoke hapa saa mbili. Baba yako amepata bajaji, na amesema atavaa buti zake na hatazivua. Barua hii nitaiweka kwenye mfuko wa pembeni wa begi lako, chini ya maandazi, uisome mkishapita Singida.

Kuhusu mwezi wa sita: nimempigia mhariri wangu jioni hii kuomba likizo yangu ya mwaka ianze siku shule zinapofungwa. Amekubali, na aliyelithibitisha ni yeye mwenyewe, kwa simu. Nitawapokea stendi. Viatu vya Dani usivifute kabla hajashuka, na mwambie kwamba bibi amejibu swali lake: hatakuwa redioni.

Mama yako